Watoto Watano wa Unguja

Mwaka 1864 Askofu Tozer na Padre Steere walifika Unguja. Hazikupita siku nyingi, Sultani Majid akampa Askofu wavulana watano waliotolewa katika jahazi la watumwa. Sasa walikuwa huru. Lakini mtoto aliyetekwa angali mdogo atarudije kwao, na njiani wangaliko watekaji? Basi nyumba ya misioni ikawa ndiyo kwao, wakafundishwa kusoma na kuandika.

Baadaye wavulana waliwekwa Kiungani, na wasichana Mbweni. Wavulana wengine walijifunza kupiga chapa vitabu vya Kiswahili, kazi ya saburi kweli, maana kila herufi ya risasi ilipangwa kwa mkono. Mmoja wa wale watano, John Swedi, alifanywa shemasi mwaka 1879.