Kompyuta ya Michezo kwa Fedha Haba

Swali: Nina akiba ndogo na azma ya kujiundia kompyuta ya mezani ya kuchezea michezo. Fedha niielekeze wapi kwanza? Msomaji, Mombasa.

Jibu: Ndugu msomaji, madhali muradi wako ni michezo, na mali uliyonayo ni haba, yakupasa kuitanguliza kadi ya picha mbele ya kila kifaa, kwa sababu hiyo ndiyo ichorayo kila taswira uionayo katika kioo, wala haidhuru ikimeza theluthi nzima ya akiba yako. Radeon RX 6600, iliyotoka mwaka 2021 na kumbukumbu ya gigabaiti 8, yatosha kwa kioo cha pikseli 1920 kwa 1080. Ioanishe na prosesa ya Ryzen 5 5600, yenye viini 6, ambayo hukaa katika ubao mama wa AM4, aina ya zamani kidogo na kwa hiyo nafuu. Ramu nunua vijiti viwili vya gigabaiti 8, si kimoja cha 16, maana prosesa huvisoma vyote viwili kwa pamoja. Diski iwe SSD.

Lakini nakusihi kwa moyo wote, usifanye ubakhili katika pawa saplai: ile isiyo na jina, hata ikiandikwa wati tele ubavuni, siku ya kuungua yaweza kuiangamiza kadi uliyoidunduliza kwa miezi, khasa umeme unapokatika na kurudi kwa kishindo. Wati 550 za kampuni yenye sifa njema zatosha. Kasha nalo, kwa joto la pwani, chagua lenye uso wa wavu upitishao hewa, na taa za rangi uziache dukani.