Dari ya Gari Inapolegea: Jinsi ya Kuirekebisha Idumu Katika Joto la Garissa

SOMO LA UFUNDI KWA VIJANA, MAFUNDI WA JUA KALI NA WENYE MAGARI

Dereva anayetoka Garissa kwenda Nairobi ana safari ya takriban kilomita 370 mbele yake. Ikiwa kitambaa cha dari ya gari lake kimebanduka na kuning'inia, basi katika safari nzima kioo cha kutazamia nyuma hakimwonyeshi barabara. Kinamwonyesha kitambaa. Wengi hulichukulia jambo hili kama doa la urembo tu. Kumbe ni suala la usalama, na kwa kijana mwenye mikono mizuri ni kazi inayoweza kumlisha.

Somo hili linaeleza kwa nini dari hulegea, namna ya kuibadilisha hatua kwa hatua, na tahadhari ambazo fundi hapaswi kuzipuuza.

Kwa nini dari hulegea

Dari ya gari la kisasa ina tabaka tatu. La juu, linalokaa karibu na bati, ni ubao mwepesi ulioshindiliwa kwa umbo la gari. La kati ni sponji nyembamba. La chini, ambalo abiria huliona, ni kitambaa. Kitambaa hushikamana na sponji, na sponji hushikamana na ubao.

Kinachoharibika kwanza ni sponji, si kitambaa wala gundi. Joto na unyevu huivunjavunja taratibu mpaka inakuwa unga wa rangi ya kahawia au manjano. Ikifika hapo kitambaa hakina cha kushikilia, nacho huanguka kwa uzito wake.

Hapa Garissa sponji hiyo haipewi nafasi ya kupumzika. Gari likiachwa juani mchana wakati joto la nje ni nyuzi 35, joto la ndani huweza kupita nyuzi 50 katika muda wa saa moja, na sehemu iliyo chini ya bati huwa moto zaidi. Kisha kuna mtikisiko wa barabara za changarawe na vumbi linaloingia kila mwanya. Mvua za gu na deyr zikinyesha, maji hupenya kwenye matundu ya bolti za keria au chini ya erio, na ubao hulowa kutoka juu. Aidha, magari mengi hununuliwa yakiwa yameshatumika ng'ambo. Kenya huruhusu gari lililotumika kuingizwa nchini likiwa halijapita miaka 8, kwa hiyo linapofika mikononi mwa mnunuzi sponji yake huenda tayari imezeeka.

Kutokana na hayo kuna kanuni moja ya kukumbuka: gundi mpya haishiki juu ya sponji iliyooza. Fundi anayepuliza gundi kati ya kitambaa cha zamani na sponji iliyogeuka unga anagandisha kitambaa kwenye unga. Kazi hiyo huonekana safi jioni, na baada ya siku chache za jua hurudi ilipokuwa.

Madhara ya kuiacha hivyo

Kitambaa kilicholegea huziba kioo cha nyuma na huweza kumwangukia dereva usoni madirisha yakiwa wazi. Unga wa sponji huingia machoni na puani mwa abiria, jambo linalomsumbua zaidi mtoto au mtu mwenye pumu. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka gari linaloendeshwa barabarani liwe katika hali ambayo haihatarishi watu. Dereva asiyeona nyuma yake yuko mbali na matakwa hayo.

Suluhisho la muda

Mwenye gari ambaye hajapata fedha za kazi kamili anaweza kutumia pini za msokoto zinazozama katika ubao, akizipanga kwa mstari ulionyooka. Pini za kawaida za cherehani hazifai, kwa sababu hutoka kwa mtikisiko na kuwaangukia watu. Stepla nazo huchana kitambaa. Pini yoyote isiwekwe kandokando ya dari katika gari lenye mifuko ya hewa ya pembeni, kwa sababu itakayoelezwa hapa chini.

Vifaa vinavyohitajika

• Kitambaa cha dari chenye sponji nyembamba mgongoni, unene wa milimita 3 hadi 5. Kitambaa kisicho na sponji huonyesha kila alama ya gundi.
• Gundi ya kugandisha pande mbili inayostahimili joto kali. Soma maandishi ya kopo kabla ya kununua. Gundi inayolainika kwa joto la kadiri haifai kwa gari la Garissa.
• Bisibisi, kibanio cha plastiki cha kubandulia klipu, brashi ngumu ya nailoni, kisu chenye makali, mkasi na futi ya cherehani.
• Barakoa, miwani ya kazi na glavu.

Kitambaa kipimwe kwa kufuata mikunjo ya ubao kwa futi laini, wala si kwa kukisia kwa macho. Ongeza sentimita 10 kila upande. Kwa mfano, ubao wenye urefu wa mita 1.9 na upana wa mita 1.3 utahitaji kitambaa cha mita 2.1 kwa 1.5. Kitambaa kikikatwa kifupi hakuna dawa ila kununua kingine.

Hatua za kazi

*1. Kutoa umeme.* Ondoa waya hasi wa betri, kisha subiri angalau dakika 10, au muda uliotajwa katika kitabu cha gari ikiwa ni mrefu zaidi. Magari mengi ya sasa yana mifuko ya hewa iliyokunjwa kandokando ya dari, juu ya milango. Alama yake ni maandishi "SRS AIRBAG" kwenye plastiki za nguzo za kioo. Mfuko huo hufunguka kwa nguvu kubwa, na ukifunguka fundi akiwa ameinamisha kichwa anaweza kuumia vibaya.

*2. Kushusha dari.* Toa vibao vya kukinga jua, vishikio vya mkono, taa ya ndani na plastiki za nguzo. Legeza mipira ya milango. Weka skrubu za kila kifaa katika kikopo chake na kukiandika jina. Laza viti vya mbele, kisha watu wawili watoe ubao kupitia mlango wa nyuma au mlango ulio mpana zaidi. Ubao usikunjwe. Ukivunjika katikati, mstari wa mvunjiko utaonekana hata chini ya kitambaa kipya.

*3. Kusafisha ubao.* Hapa ndipo kazi inapofaulu au kuharibika. Bandua kitambaa, kisha sugua sponji yote iliyobaki kwa brashi mpaka mkono ukipita juu ya ubao usichukue unga. Kazi hii ifanyiwe nje, fundi akiwa amevaa barakoa na upepo ukitokea mgongoni kwake. Usitumie maji, kwa kuwa ubao hulainika na kupoteza umbo. Palipopasuka pazibwe kwa kipande cha kitambaa kigumu na gundi upande wa juu usioonekana, na paachwe pakauke.

*4. Kujaribu gundi.* Puliza au paka kidogo kwenye kipande cha kitambaa kilichobaki. Kama gundi inayeyusha sponji au kutokeza upande wa pili, badilisha gundi au punguza kiasi.

*5. Kubandika.* Tandaza kitambaa juu ya ubao, kisha kunja nusu yake nyuma. Paka gundi nyembamba na sawasawa kwenye nusu ya ubao na kwenye sponji ya kitambaa, pande zote mbili. Subiri mpaka ukigusa kwa kifundo cha kidole gundi inanata lakini haihamii kidoleni. Ndipo ulaze kitambaa kuanzia katikati kuelekea kingo, ukipapasa kwa kiganja bila kukandamiza sana. Maliza nusu ya pili kwa njia hiyo hiyo.

Penye bonde au mkunjo, sukuma kitambaa kwa vidole kiingie ndani kwanza kabla ya kuendelea mbele. Kosa linalorudiwa na wanafunzi wengi ni kukivuta kitambaa kipite juu ya bonde kama ngozi ya ngoma. Hapo panaonekana pamenyooka siku ya kwanza, lakini ndipo patakapobanduka kabla ya pengine pote.

Saa ya kazi nayo ina maana. Mchana wa jilaal gundi hukauka kabla kitambaa hakijalazwa, na upepo huleta vumbi linaloganda juu yake. Asubuhi na mapema, chini ya kivuli, ndiyo saa nzuri.

*6. Kumalizia.* Kunja kingo kwa sentimita 2 hadi 3 nyuma ya ubao na kuzigandisha. Tundu la taa likatwe kutoka upande wa nyuma kwa alama ya X, na ncha zake zikunjwe ndani. Acha dari kivulini kwa saa 24 ili gundi ishike kabisa, kisha irudishwe. Kila klipu ya kandokando irudi mahali pake. Mahali penye mfuko wa hewa pasigandishwe kwenye bati, pasishonwe, wala pasipigwe skrubu, kwa sababu ajali ikitokea mfuko hautapata njia ya kutokea.

Magari ya zamani

Baadhi ya magari ya zamani hayana ubao. Dari yake ni ngozi bandia au turubai laini lililoshonewa mifereji, na ndani ya kila mfereji hupita waya wa chuma unaoishikilia juu. Kazi ya dari hii ni ya cherehani zaidi kuliko gundi. Fundi afumue ya zamani kwa uangalifu, aitumie kama kielelezo cha kukatia mpya, na aandike namba kwenye kila waya, kwa kuwa waya wa mbele na wa nyuma huweza kutofautiana kwa urefu na mkunjo.

Moshi, watoto na mifugo

Mvuke wa gundi hulevya, huumiza kichwa na hushika moto kwa urahisi. Kazi isifanyiwe ndani ya chumba kilichofungwa, wala karibu na jiko, sigara au mashine ya kuchomelea. Kopo lifungwe na lihifadhiwe mbali na watoto. Gundi ya mafundi imeharibu maisha ya vijana wengi mijini kwa kunuswa, na fundi anayeacha kopo wazi kando ya barabara anafungua mlango huo.

Mabaki ya sponji yasichomwe, kwa kuwa moshi wake una sumu. Wala yasitupwe ovyo. Mbuzi na ng'ombe wanaozurura mjini hula kila wanachokuta, na sponji au kitambaa haviyeyuki tumboni. Huziba matumbo na mnyama hufa polepole. Mabaki yatiwe ndani ya gunia lililofungwa na kupelekwa mahali rasmi pa taka.

Kinga ni nafuu

Dari mpya itadumu zaidi ikiwa gari litaegeshwa chini ya mwarobaini au kibanda, kioo cha mbele kikawekewa kizuizi cha jua, na madirisha yakaachwa wazi kidogo mahali palipo salama. Kabla ya mvua, kagua bolti za keria na mpira wa erio. Doa la maji kwenye dari ni ishara ya tundu juu yake. Tundu lizibwe kwanza, la sivyo kazi ya dari itakuwa ni kujaza maji kwenye pakacha.

Ufundi huu kama kazi

Kazi hii haihitaji karakana kubwa. Fundi cherehani ameshajua kupima, kukata na kushona, na fundi wa viti vya magari ameshazoea gundi na sponji. Katika kupanga bei, fundi ajumlishe kitambaa, gundi, siku za kazi na kiasi cha dhamana, kisha amweleze mteja kabla ya kuanza. Mteja naye ana haki ya kuuliza maswali matatu: Je, sponji ya zamani itatolewa yote? Gundi gani itatumika? Ikilegea tena, nani atagharamia?

Chini ya Jedwali la Nne la Katiba ya 2010, vyuo vya ufundi vya vijijini viko chini ya serikali za kaunti. Fundi aliyejifunza kazini anaweza kufanya mtihani wa ufundi wa NITA na kupata cheti kinachotambulika kote nchini. Vijana, wanawake na watu wenye ulemavu waliosajili biashara zao wanaweza pia kujiandikisha katika mpango wa AGPO, unaowatengea asilimia 30 ya zabuni za serikali. Magari ya umma nayo yana dari.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini kupaka gundi juu ya sponji ya zamani hakufai?
2. Fundi afanye nini kabla ya kugusa plastiki za nguzo za gari lenye mifuko ya hewa?
3. Ubao una urefu wa mita 2 na upana wa mita 1.2. Kata kitambaa cha kipimo gani?
4. Kitambaa kimepita juu ya bonde bila kuingia ndani. Nini kitatokea, na kilipaswa kulazwa vipi?
5. Taja njia salama ya kutupa mabaki ya sponji, na ueleze inavyowalinda watu na mifugo.

*Jibu la swali la 3: mita 2.2 kwa 1.4. Majibu ya maswali mengine yamo ndani ya somo.*