Shukrani kwa Wafadhili wa Chuo

*Mheshimiwa Mshauri, mimi ni mhasibu wa chuo kidogo cha Kikatoliki. Wafadhili walitujengea bweni, nasi kila mwaka huwapelekea barua ya shukrani. Sasa wawili wamenyamaza. Je, tumewaudhi? — Mhasibu, Songea*

Ndugu Mhasibu, hofu yako naidhani imepita kiasi, kwani aghalabu mfadhili hanyamazi kwa ghadhabu bali kwa kukosa habari za fedha yake ilikokwenda, na barua ileile ya kila mwaka, iliyobadilishwa jina tu, humdhihirishia kwamba hata aliyeiandika hakumkumbuka. Waandikie hao wawili pasipo kuomba kitu. Taja kiasi walichotoa, tarehe kilipopokelewa, na jambo moja la kuonekana kwa macho, mathalani kwamba wasichana waliokuwa wakilala wawili kitanda kimoja sasa kila mmoja ana kitanda na chandarua chake. Stakabadhi ya kila mchango itoke ndani ya juma moja tangu upokelewe, na mkuu wa chuo atie sahihi kwa mkono wake. Wanachama wa jumuiya ndogondogo walioleta mahindi na shilingi chache nao waandikiwe. Hao, kwa maoni yangu, ndio wanaopunjwa shukrani kuliko wote. Misa ya kuwaombea wafadhili ni desturi njema, walakini haishiki mahali pa hesabu.

Na iwapo hesabu hizo zaonyesha kwamba fedha ya bweni ililipia mishahara, usilifunike jambo hilo kwa maneno matamu: Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1267, yaagiza kwamba sadaka iliyotolewa kwa kusudi maalumu itumike kwa kusudi hilo tu. Hapo mwendee kwanza mweka hazina wa jimbo, kabla ya kuandika barua yoyote.