Dondoo muhimu: Kitabu chako kikihakikiwa kwa dhuluma

Umeandika kuhusu Vita vya Shifta (1963–1967) hapa Isiolo, kisha mhakiki jaridani anadai hukuwahoji wazee wa Garba Tula, ilhali sura nzima ni yao. Usimjibu usiku huohuo.

Kwanza tenga ukali na uongo. Mwaka 2005 mwanahistoria Bethwell Ogot alikikosoa vikali kitabu cha Caroline Elkins kuhusu Mau Mau. Huo ni mjadala halali, hata ukiuma.

Uongo ujibu kwa ukurasa: “Mhakiki anasema hivi, tazama uk. 84.” Mwandikie mhariri, uombe masahihisho au nafasi ya kujibu. Maneno mia tatu yatosha. Matusi yafute yote.

Mhakiki ana ugomvi nawe, au mlishindania ufadhili? Mpe mhariri ushahidi, si minong'ono ya chuoni.

Ukipuuzwa, nenda kwa mchapishaji, kisha kwa COPE, kamati ya maadili ya uchapishaji, iwapo jarida ni mwanachama.

Mahakamani? Karin Calvo-Goller alimshtaki mhariri Joseph Weiler jijini Paris kwa uhakiki mmoja tu wa kitabu chake. Mwaka 2011 alishindwa, akaamriwa amlipe Weiler yuro 8,000.