Kabichi Chachu na Nyama: Chakula cha Sufuria Moja



Mvua ikinyesha vizuri Kinangop, Molo na Mau Narok, sisi wa Free Area tunajua kitakachofuata. Malori ya kabichi yanajaa Nakuru, bei inaanguka, na nyingine inaoza ikiwa bado kwa gunia. Jasho la mkulima limekwenda bure. Halafu kiangazi kikija, kabichi hiyo hiyo tunainunua ghali! Kwa hivyo leo tujifunze kuihifadhi, kisha tuipike.

Maarifa haya ni ya watu wa Polandi. Hao si wageni kabisa huku kwetu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, kuanzia 1942, maelfu yao, wengi wakiwa kina mama na watoto waliokuwa wamepelekwa Siberia kwa nguvu, walipewa makao Tengeru karibu na Arusha, na pia Masindi na Koja nchini Uganda. Makaburi yao yako Tengeru hadi leo. Kwao baridi ni kali na shamba hulala miezi mingi, ndiyo sababu hutia kabichi chumvi. Chakula chao kiitwacho bigos ni kabichi hiyo na nyama, vikipikwa polepole pamoja. Ukitazama sana ni ndugu wa githeri: kila kitu ndani, moto mmoja.

Kwanza kuchachusha. Toa majani ya nje, osha kabichi vizuri, ikatekate nyembamba. Kila kilo moja itie chumvi gramu 20 hadi 25, yaani kijiko cha mezani kilichojaa kidogo. Usipunguze, maana chumvi ndiyo inayozuia kuoza. Ifinye kwa mikono safi mpaka itoe maji, kisha ishindilie kwa chungu au ndoo ya chakula. Sufuria ya aluminiamu hapana, uchachu huila. Weka sahani juu na jiwe lililochemshwa, maji yafunike kabichi yote, halafu funika kwa kitambaa. Iweke penye baridi wiki tatu hivi. Utando mweupe ukitokea juu, uondoe. Ikinuka uozo au ikiota ukungu wa rangi, mwaga yote, hata kama roho inauma.

Sasa kupika. Kwa watu kumi tunatumia kilo moja ya kabichi chachu, kilo moja ya kabichi mbichi, kilo moja ya nyama ya nguruwe, vitunguu vitatu na nyanya nne. Asiyekula nguruwe atumie ng'ombe. Kaanga nyama iliyokatwa vipande vidogo, tia vitunguu, nyanya, kabichi zote na maji kidogo. Chumvi ngoja mpaka uonje. Viazi vichemshe kando, kwa sababu ndani ya uchachu vinakataa kuiva. Uyoga wa porini usiojulikana usiutie kamwe.

Itokote saa moja na nusu au mbili. Makaa yakiwa haba, chemsha dakika 40, kisha ingiza sufuria ikiwa bado inatokota ndani ya kikapu kilichojazwa nyasi kavu na blanketi. Ifunike kabisa, uende shambani. Baada ya saa tatu irudishe motoni ichemke tena, ndipo upakue kwa ugali au hivyo viazi. Ikibaki, kesho huwa tamu zaidi, lakini ichemshwe.

Juu ya nguruwe hatutanii. Nunua nyama yenye muhuri wa mkaguzi. Ukiona punje nyeupe kama mchele ndani yake, ikatae. Nyama isiyoiva huleta tegu. Na mwenye tegu asiponawa mikono baada ya choo, mayai yake huingia kwa chakula cha wengine, hufika ubongoni, na mtu huanza kuanguka kifafa. Jirani husema amerogwa, kumbe ni choo na sabuni.

Ya kujadili kikundini: Msimu uliopita tulitupa kabichi ngapi? Nani ana ndoo safi ya kuanzia? Na je, kila boma letu lina choo na maji ya kunawa?