Spageti bila ngano na bila nyama

Wandugu na wadada wa koperative, leo tunaingia jikoni. Spageti inapendwa sana mu miji yetu: Goma, Bukavu, Lubumbashi, malewa nyingi ziko nayo. Lakini ngano yake mara nyingi inatoka mbali, na mchuzi wa nyama uliojaa mafuta haufai kila tumbo. Tupike chakula hicho kwa mihogo na maharagi yetu.

Gluteni ni protini ya ngano inayofanya unga uliokandwa uvutike bila kukatika. Kuko watu wenye ugonjwa wa seliaki: wakila gluteni, matumbo yao yanaharibika. Mihogo, mahindi, mchele na mtama hazina gluteni. Wewe usiye na ugonjwa huo, kwa kawaida ngano haikudhuru. Usiiache juu ya maneno ya watu tu.

Mchuzi huu unatoka Bologna, Italia. Na huko kwenyewe wanaula na tagliatelle, ni kusema mikanda bapa ya unga na mayai, si spageti. Ni bahati kwetu, juu unga wa mihogo haukubali kuwa nyuzi nyembamba. Mikanda inakubali.

Sasa sikilizeni vizuri. Ukitoa ngano na ukitoa nyama, umetoa protini mara mbili, na mihogo karibu yote ni wanga. Huko Kwango tunajua ugonjwa wa konzo, jina la Kiyaka lenye maana ya miguu iliyofungwa. Unashika zaidi watoto na wamama, na miguu iliyopooza hairudi tena. Unatokea pale watu wanapokula mihogo michungu isiyolowekwa vya kutosha, tena bila protini mu sahani. Kwa hiyo maharagi na yai katika pishi hili si pambo.

Mihogo michungu imenywe, ilowekwe siku 3 au zaidi mpaka ilainike (mlimani kwenye baridi inakawia), kisha ikauke juani. Ukinunua unga sokoni na hujui ulilowekwa namna gani, utie mu beseni na uweke alama pale unapofika. Ongeza maji ukikoroga: utashuka kwanza, halafu utapanda. Ukifika tena kwenye alama, simama. Utandaze mwembamba juu ya mkeka, saa 2 juani ao saa 5 kivulini, sumu itoke na hewa. Uupike siku ileile; maji ya kukandia yatahitajika kidogo tu.

Kwa watu 4, chunga vikombe 2 vya unga. Robo yake ipike na maji, sawa bugali laini, mpaka ing'ae. Hiyo njo gundi inayochukua nafasi ya gluteni. Ikipoa kidogo, kanda na unga uliobaki, yai 1 ao 2, chumvi, na kijiko cha mafuta. Ukikatika, ongeza maji kwa vidole, si kwa kikombe. Funika nusu saa, sukuma kwa chupa, kata mikanda ya upana wa kidole. Ichemshe mu maji mengi yenye chumvi, kidogo kidogo. Ikielea, hesabu dakika 2, toa. Usiiache mu maji, itageuka uji.

Mchuzi: vikombe 3 vya maharagi yaliyoiva kabisa, nusu uyaponde. Kaanga kitunguu, karoti na seleri kwa vijiko 2 vya mafuta, paka 2, upime kwa kijiko maana mkono wa mpishi hauna kipimo. Tia tomati, acha zipungue, tia maharagi na maji kidogo, moto mdogo nusu saa. Lengalenga iliyokatwa iingie mwishoni. Mchuzi uwe mwingi kuliko mikanda, hata kama watoto watalalamika.

Neno moja kwa wale wa Lubero wanaolima ngano na kwa kila koperative inayotaka kuuza unga huu: mulini uliosaga ngano asubuhi unaacha vumbi lake mu mihogo ya mchana. Kwa mgonjwa wa seliaki vumbi hilo linatosha kumrudisha kitandani. Kama hamna mulini wa mihogo peke yake, twangeni kwa kinu, ao msiandike kwenye mfuko kwamba hakuna gluteni.