Sumaku haibadili kasi ya kobalti

Wagonjwa wa saratani kutoka Ifakara na bonde la Kilombero wanaohitaji tiba ya mionzi hupewa rufaa kwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, ambako mashine za kobalti 60 zimetumika kwa miaka mingi. Kobalti ni metali inayovutwa na sumaku. Je, sumaku kali inaweza kuivuruga mionzi yake?

Swali: Kobalti 60 hupungua nguvu kwa kasi gani?

Jibu: Kila baada ya miaka 5.27, yaani nusu-uhai wake, nusu ya atomu zake huwa zimegeuka nikeli. Kwa mwezi ni takriban asilimia 1. Mtaalamu wa fizikia ya tiba huliweka punguzo hilo kwenye hesabu zake: dozi iliyochukua dakika 2 chanzo kikiwa kipya, miaka mitano na ushee baadaye itachukua dakika 4.

Swali: Sumaku kali haiwezi kuiharakisha?

Jibu: Haiwezi. Kiini cha kobalti 60 kinapovunjika hutoa nishati ya elektronivolti milioni 2.8 hivi. Sumaku ya tesla 10 ina nguvu kupita MRI za hospitali, ambazo kwa kawaida ni tesla 1.5 au 3, lakini hukigusa kiini hicho kwa takriban sehemu moja ya milioni ya elektronivolti. Pengo ni zaidi ya mara trilioni. Isitoshe, ndani ya metali ya kobalti, elektroni zake zenyewe hukizungushia kila kiini uga wa sumaku wa zaidi ya tesla 20. Kobalti ikiwa chumvi iliyoyeyushwa majini, uga huo haupo, na bado miaka ni ileile 5.27.

Swali: Kwa hiyo sumaku haina athari yoyote?

Jibu: Inayo, kwenye mwelekeo. Mwishoni mwa 1956, mwanafizikia Chien-Shiung Wu na wenzake huko Washington waliipoza kobalti 60 hadi karibu kabisa na sifuri halisi, wakatumia sumaku kuvielekeza viini vyake upande mmoja. Elektroni zikatoka kwa wingi upande mmoja kuliko mwingine, jambo lililoitikisa fizikia nzima.

Swali: Hakuna kabisa kinachobadili kasi?

Jibu: Kipo, kwa viini vinavyozitegemea elektroni. Berili 7 huvunjika kwa kumeza elektroni yake, hivyo mazingira ya kikemia huweza kuibadili kasi yake kidogo, kwa takriban asilimia 1. Reni 187 ina nusu-uhai wa zaidi ya miaka bilioni 40. Mwaka 1996 huko Darmstadt, Ujerumani, ilipovuliwa elektroni zote 75, ilishuka hadi miaka 33 hivi. Kobalti 60 haivunjiki kwa kumeza elektroni, wala sumaku haiivui elektroni zake.

Swali: Nikivaa bangili ya sumaku wakati wa tiba?

Jibu: Haiongezi dozi wala kuipunguza. Ivue tu kabla ya kipimo cha MRI, kwa usalama wako. Na anayepigwa mionzi kwa mashine ya nje harudi nyumbani na mionzi mwilini: ambebe mtoto, ale sahani moja na wenzake. Kinachodhoofisha tiba ni kuruka vipindi. Kwa kuwa tiba huweza kuchukua wiki kadhaa, pangeni nauli na mahali pa kufikia kabla ya kuondoka Ifakara.